MSP Challenge: mchezo wa kompyuta unaoifundisha bahari kwa wasio wanasayansi

MSP Challenge, mchezo wa kompyuta wa kupanga matumizi ya maeneo ya bahari (MSP ni kifupi cha Kiingereza cha upangaji huo), ni miongoni mwa vifaa vichache nilivyoviona vinavyoweza kumfanya mtu ambaye hakusomea sayansi aelewe, kwa mchana mmoja tu, kwa nini uamuzi unaofanywa leo kuhusu nyavu huja kujibiwa na bahari baada ya miaka mingi. Somo hilo ni gumu kulifikisha kwa mhadhara, na gumu zaidi kulifikisha kwa bango lililochorwa kasa na matumbawe. Hata hivyo, mchezo huu husema zaidi ya unavyosikiliza, na kwa watu wa pwani yetu upungufu huo si mdogo. Tathmini hii inatokana na kikao cha wazi kilichofanyika katika ukumbi wa kukodi wilayani Kinondoni, Dar es Salaam, ambako wavuvi wa Kunduchi na Msasani, akina mama wanaonunua samaki mnadani Feri na kuwakaanga, wanafunzi wa sekondari na watumishi wachache wa umma waligawanywa katika timu na kukabidhiwa bahari isiyo yao.

Mchezo wenyewe ulianza Uholanzi mwaka 2011, ukiwa na lengo la kuwasaidia maofisa wa nchi jirani kujifunza kugawana maeneo ya bahari bila kugombana, na kwa sasa unaendelezwa na chuo kikuu cha sayansi tumizi cha Breda. Hupatikana bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuuchungulia au kuubadilisha. Umejengwa juu ya Unity, injini ileile inayoendesha michezo mingi ambayo vijana wetu huicheza kwenye simu, jambo linaloeleza kwa nini wanafunzi walikuwa wameshaizoea ramani yake kabla wazee hawajakaa vizuri vitini. Yapo matoleo ya Bahari ya Kaskazini, ya Baltiki na ya Clyde kule Scotland. Sisi tulicheza lile la Bahari ya Kaskazini, na kila timu ikawa nchi: timu moja Uholanzi, nyingine Denmark, nyingine Norwei, na kuendelea. Nchi hupanga mahali pa kuweka mitambo ya upepo, njia za meli, nyaya, hifadhi na nguvu ya uvuvi, kisha hujadiliana na majirani, kwa kuwa mpango wa mmoja mara nyingi humgusa mwingine. Mipango ikishakubaliwa, saa ya mchezo huachiwa ikimbie, na miezi ikapita mbele ya macho.

Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine ya baharini hakionekani kwenye skrini. Chini ya ramani ile inaendeshwa modeli ya kisayansi iitwayo Ecopath with Ecosim, ambayo asili yake ni kazi ya Jeffrey Polovina kuhusu miamba ya matumbawe ya French Frigate Shoals, Hawaii, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baadaye Villy Christensen na Daniel Pauly waliikuza ikawa programu inayoweza kutumiwa popote, na Carl Walters akaiongezea uwezo wa kufuatilia mabadiliko ya wakati na ya mahali. Mwaka 2007, shirika la Marekani la bahari na anga, NOAA, liliihesabu kazi hiyo kati ya mafanikio kumi makubwa ya kisayansi katika historia yake ya miaka 200. Wazo lenyewe halihitaji shahada. Kila kundi la viumbe, kuanzia mimea midogo inayoelea hadi nyangumi, hufunguliwa hesabu yake kama mteja katika daftari la duka: ana uzito gani kwa jumla, anakua kwa kasi gani, anakula nini na kwa kiasi gani, naye analiwa na nani. Kinachozalishwa lazima kilingane na kinacholiwa, kinachovuliwa, kinachokufa na kinachohama. Hesabu isipofunga, basi kuna kitu ambacho mtafiti amekikosea au hajakijua.

Kila mwezi unapopita mchezoni, maamuzi ya wachezaji hupelekwa kwenye modeli hiyo. Eneo lililofungwa kwa uvuvi, nyavu zinazokokotwa chini na kuchimbua sakafu ya bahari, kelele za meli na za ujenzi, nguzo za mitambo ya upepo ambazo viumbe hujishikiza juu yake, vyote hugeuzwa kuwa namba, modeli ikakokotoa, na majibu yakarudi kama rangi kwenye ramani na mistari kwenye grafu. Kazi ya teknolojia ya mchezo ni kufanya mzunguko huo uende haraka na upendeze macho, ili mtu asijue kwamba amekaa mbele ya milinganyo. Hapo watengenezaji wanastahili sifa bila masharti.

Nguvu ya jambo hili niliiona kwenye timu iliyokuwa karibu nami. Mvuvi mmoja mzee kutoka Kunduchi, nahodha aliyezoea kutii upepo na si kijana mwenye kipaza sauti, alishauri timu yake iongeze nguvu ya uvuvi wa nyavu za kukokota, kwa hoja kwamba majirani nao wangefanya hivyo hivyo na mwenye huruma angebaki na mikono mitupu. Miaka ya kwanza mapato yalipanda, na timu ikachekelea. Mstari wa chewa wa bahari ile ya baridi ulikuwa umeanza kuinama, ila kwa taratibu kiasi kwamba hakuna aliyeujali. Ulipokuja kuporomoka, walipunguza uvuvi mara moja, wakasubiri mstari uinuke, nao haukuinuka. Mzee alimgeukia kijana yule, mwendeshaji wa kikao, akasema, "Mwanangu, mbona tumeshaacha na samaki hawarudi?" Kijana akajibu, "Mzee wangu, waliobaki ni wadogo, bado hawajazaa. Tuipe miaka." Wakaipa miaka. Mstari ulianza kupanda wakati ambapo, kwa saa ya mchezo, waliofanya uamuzi ule wangekuwa wamestaafu. Ukumbi ulijaa maneno, na kwa mara ya kwanza siku hiyo maneno yenyewe hayakuhusu posho.

Naamini hakuna mhadhara ambao ungelifikisha jambo hilo kwa uzito ule, kwa sababu mzee hakuambiwa na mtu kwamba amevua kupita kiasi. Alifanya hivyo mwenyewe, kwa sababu alizoziona kuwa za maana, akiwa amezungukwa na majirani wenye sababu zilezile. Mchezo haukumlaumu. Kwa muda mrefu elimu ya bahari inayoletwa kwa wavuvi wa Dar es Salaam imekuwa na sauti ya kukaripia, na kwa kiasi fulani inaeleweka, kwani baruti ililia sana katika maji haya kabla haijadhibitiwa. Lakini anayekaripiwa hasikilizi, naye anayejionea mwenyewe huanza kuuliza.

Sehemu ya pili iliyofanikiwa haikuwa ya mchezo bali ya mwendeshaji. Alipoona watu wanashindwa kufuatilia uhusiano usio wa moja kwa moja, yaani namna kupungua kwa samaki mmoja kunavyomnufaisha mwingine asiyehusiana naye kwa sura, aliisimamisha saa na kuwarejesha kwenye miamba ya kwetu. Aliwauliza kikande anakula nini. Wavuvi walijibu bila kusita kwamba anavunja wale wanyama wa miiba mirefu myeusi wanaochoma nyayo wakati maji yamekupwa. Akaeleza kwamba utafiti wa miaka mingi katika miamba ya Afrika Mashariki, hasa upande wa Kenya, umeonyesha kuwa mahali ambapo kikande wamevuliwa wakaisha, wanyama hao wa miiba huongezeka, nao kwa kukwangua mwamba wakitafuta mwani huubomoa kwa kasi inayoweza kuzidi ile ya matumbawe kuujenga. Hapo aliyevua kikande amebomoa nyumba ya changu bila kumgusa changu hata mmoja. Baada ya maelezo hayo waliporudi kwenye Bahari ya Kaskazini, maswali yao yalibadilika: kila mstari ulioshuka walitaka kujua umemwacha nani bila adui.

Kisha likaja jambo ambalo lilinionyesha mpaka wa kifaa hiki. Msichana mmoja wa sekondari aliuliza modeli imejuaje nani anamla nani, na mwendeshaji, ambaye alikuwa amejiandaa vizuri, akaeleza kuhusu miaka ya 1981 na 1991, ambapo wanasayansi wa nchi za Bahari ya Kaskazini walikusanya matumbo ya samaki kwa wingi mkubwa, wakayapasua na kuhesabu vilivyokuwa ndani. Data ya aina hiyo ndiyo msingi wa modeli ya bahari ile. Mama mmoja anayepara samaki Feri, ambaye hadi wakati huo alikuwa amekaa kimya, alisema kwamba kazi hiyo yeye huifanya kila siku ila hakuna anayemwuliza. Akaanza kutaja: nguru hukutwa na dagaa na vibua wadogo, changu hukutwa na vipande vya kaa na magamba ya konokono, na kuna nyakati za mwaka matumbo yao huwa matupu kabisa. Wenzake walimwongezea, wakabishana kuhusu chewa wa mwambani, mmoja akisema pweza, mwingine akisema kamba. Ilikuwa data, japo haijaandikwa, na ilikuwa ikimwagika sakafuni, kwa sababu ndani ya mchezo hapakuwa na mahali pa kuipokea. Hakuna kitufe ambacho mama yule angeweza kubonyeza ili kusema kwamba changu wa kwao anakula hiki na si kile. Mwendeshaji aliandika machache kwenye karatasi, akashukuru, saa ikaendelea.

Nafahamu jibu ambalo mtaalamu angenipa: modeli haiwezi kubadilishwa katikati ya kikao, hesabu lazima zifunge, na chakula cha samaki hakiingizwi kwa kauli ya mtu mmoja. Ni kweli. Lakini hoja yangu inahusu mawasiliano, na mawasiliano ya upande mmoja huitwa tangazo. Kama nia ni kuwafanya wasio wanasayansi waelewe jinsi sayansi ya bahari inavyofanyika, basi pale ambapo mama wa Feri anajikuta akifanya kazi ileile iliyofanywa na watafiti wa Ulaya mwaka 1991 ndipo mlango ulipopaswa kufunguliwa.

Upungufu mwingine unatokana na bahari yenyewe kuwa ya wengine. Uvuvi mchezoni ni wa meli, za nyavu za kukokota na za aina nyingine, na serikali huuongeza au kuupunguza kwa kusogeza kipimo. Uvuvi wetu wa pwani ni wa ngalawa, mashua, boti za faiba, mishipi, madema, jarife na watu wanaotembea kwa miguu mwambani na fimbo, na hakuna kipimo cha kusogeza ofisini kikawafanya maelfu ya watu hao wapunguze chochote. Mchezo huhesabu miezi. Mvuvi wa hapa huhesabu kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, giza na mbalamwezi. Mzee mmoja wa Msasani alitaka kujua kusi imeanza lini katika bahari ile ili aelewe kwa nini boti zinatoka kila mwezi bila kupumzika, na swali lake lilichukuliwa kama utani. Halikuwa utani hata kidogo, kwa sababu msimu wa upepo ni hifadhi ya aina yake: bahari inapochafuka, samaki hupumua.

Vilevile sikuona mahali pa mto. Kwa Watanzania hilo ni pengo kubwa, kwani kamba wa delta ya Rufiji hukulia kwenye mikoko, kati ya maji chumvi na maji baridi, na kinachofanyika sehemu za juu za mto huwafikia. Nchi hii ilisimamisha meli za kuvua kamba kwa nyavu za kukokota mwishoni mwa mwaka 2007, baada ya kamba kupungua, na mjadala wa kama kilichowapunguza ni nyavu, maji au vyote viwili ni mfano mzuri kuliko wowote wa Ulaya wa kumfundishia mtu mfumo ikolojia ni nini. Mada za kupangia nazo zimejaa mlangoni mwetu: meli zinazosubiri kuingia bandarini, boti ziendazo Zanzibar, nyaya za intaneti zilizofika Dar es Salaam mwaka 2009 na 2010, na hifadhi za Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini zilizotangazwa mwaka 1975, ambazo wakazi wengi wa jiji huzijua kama sehemu za kuogelea na kula samaki wa kuchoma. Toleo lenye bahari hii, hata kama ni dogo na la makisio, lingewashika watu mara moja.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote, hata hivyo, ni uzuri wa picha. Modeli ya mfumo ikolojia ni kisio lililojengwa kwa uangalifu, na wanaoijenga hujua ni wapi data ni nene na ni wapi wameziba pengo kwa kubahatisha. Kwenye skrini tuliyowekewa, yote hayo yalikuwa yamefutika. Mstari ulikuwa mmoja, mwembamba, wa uhakika, bila kivuli cha kuonyesha kwamba huenda ukapita juu au chini ya pale. Ramani zilikuwa na rangi zilizokolea sawasawa mahali penye vipimo vingi na mahali penye vichache. Teknolojia ya michezo imebuniwa ili mtu auamini ulimwengu anaouona, na ndiyo maana wabunifu hushughulika na mwanga na mawimbi. Ukiipeleka katika sayansi bila tahadhari, inabeba imani hiyo pamoja nayo. Nilimsikia mtumishi mmoja wa umma akisema wakati wa chai kwamba kompyuta imeshathibitisha hifadhi iwekwe wapi. Haikuthibitisha. Ilionyesha kinachoweza kutokea iwapo makisio yake ni sahihi, na tofauti hiyo, ambayo kwa mwanasayansi ndiyo kazi nzima, haikupata hata dakika tano za mchana ule. Naona jambo hili linarekebishika kwa urahisi: mchezo uendeshwe mara mbili kwa makisio tofauti, na wachezaji waone maamuzi yaleyale yakileta bahari mbili.

Kuhusu maandalizi sina mengi. Maelezo yote kwenye skrini yalikuwa ya Kiingereza, na tafsiri ya mdomo iliwachelewesha wazee huku vijana wakikimbia mbele, hivyo katika timu nyingi anayejua bahari alikuwa akimtazama anayejua kompyuta. Umeme ulikatika, jenereta ya ukumbi ikasumbua, na seva ilipowashwa upya timu mbili zilidai kwamba mipango yao imepotea. Chakula kilikuwa kizuri, na nauli ilirudishwa bila maneno.

Kwa anayependa kulinganisha, michezo mingine ya bahari inayotajwa sana hufanya kazi tofauti. Beyond Blue, uliotolewa mwaka 2020, humvisha mchezaji vifaa vya mpiga mbizi na kumpeleka kufuatilia nyangumi wa kina kirefu, pamoja na filamu fupi za wanasayansi halisi wakieleza kazi zao; hupendeza sana, hufundisha viumbe mmoja mmoja, lakini hukuacha ukiwa mtazamaji. NeMO-Net, uliotolewa na NASA mwaka huohuo kwa vifaa vya Apple, humpa mchezaji picha za matumbawe azipake rangi kwa kuyatambua, na kazi yake hutumika kuifunza kompyuta kuyatambua yenyewe. Huo ni mdogo na mwepisi, lakini una kitu ambacho MSP Challenge haina: unapokea kitu kutoka kwa mchezaji. Nikitakiwa kuchagua mmoja wa kumwelewesha mtu uhusiano kati ya viumbe, nitachagua MSP Challenge bila kusita. Nikitakiwa kuchagua mmoja wa kumfanya mtu ajione mshiriki wa utafiti, nitasita.

Shule yenye maabara ya kompyuta na mwalimu mwenye subira inaweza kuutumia mchezo huu bila gharama ya leseni, mradi mwalimu aucheze kwanza mwenyewe hadi aweze kueleza kwa nini mstari umeshuka. Bila mtu wa namna hiyo chumbani, sioni faida ya kuwasha mashine. Kwa vikundi vya wavuvi ningeshauri toleo la mezani la mchezo uleule, lenye ramani kubwa ya bahari ya kubuni na nchi tatu, ambalo huchezwa kwa vipande na nyuzi. Halina modeli inayokokotoa, lakini halikatiki umeme, halina Kiingereza cha kusoma harakaharaka, na linaruhusu mtu kunyoosha mkono akasema hapa si hivyo, akasogeza kipande. Baada ya hapo ndipo kompyuta iletwe, kwa saa mbili za mwisho. Na waandaaji wapange kikao wakati wa maji mafu, kwani maji ya bamvua yakitoka mchana, watu wa pweza wote huwa mwambani.